Siki, Chumvi na Shaba ya Kibao

Fundi wa redio wa Nguvumali, mjini Tanga, atakaye kuunda kibao cha saketi kwa mikono yake hukabiliwa na swali moja: ataiondoaje shaba asiyoihitaji? Kibao kinunuliwapo huwa kimefunikwa shaba tupu, unene wake kwa kawaida mikromita 35. Njia za umeme huchorwa juu yake kwa rangi isiyopenya maji. Shaba iliyobaki wazi ndiyo ya kuyeyushwa.

Dawa iliyozoeleka ni kloridi ya feri. Isipopatikana, siki, chumvi na peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, iuzwayo katika maduka ya dawa, huifanya kazi hiyo kwa saa moja au zaidi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba asidi ndiyo ilayo shaba. Sivyo. Hata asidi kali ya haidrokloriki, pasipo oksijeni, karibu haiigusi. Lazima kiwepo kitu cha kuzipokonya atomu za shaba elektroni zake, nayo ndiyo kazi ya peroksidi. Chumvi huleta kloridi, ambazo huisaidia shaba kubaki ndani ya maji.

Ajabu ni kwamba maji hayo, yakishageuka kijani, hula shaba yenyewe:

CuCl₂ + Cu → 2CuCl

Yakipulizwa hewa na kuongezwa asidi kidogo, hurudia nguvu yake. Kwa hiyo si busara kuyamwaga mapema.

Chombo kiwe cha plastiki au kioo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini hushambuliwa na maji ya shaba kwa joto na povu hata ikatoboka. Dawa ya klorini ya kufulia nguo isikaribie kabisa, kwani ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu.

Hatari kubwa zaidi huja kazi ikiisha. Shaba haikupotea; imo majini, na hata kiasi kidogo chake huwadhuru samaki. Maji ya mitaro ya Tanga huishia baharini, ambako Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa mwaka 2009. Basi vitiwe vipande vya chuma chakavu, viachwe siku nzima: chuma huyeyuka, shaba hutua chini kama unga mwekundu. Msumari mpya uliosuguliwa ukichovywa na kutoka bila utando mwekundu, shaba nyingi imekwisha ondoka. Kisha iongezwe chokaa, kwani mkoa wenye mapango ya Amboni haukunyimwa mawe yake, mpaka asidi iishe na mabaki yagande. Tope lichujwe kwa kitambaa, likaushwe, na lihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko, lililoandikwa kilichomo.