Maji Yamejaa, ya Kunywa Hakuna

Mgeni akiliona Ziwa Victoria hudhani watu wa Mara hawana shida ya maji. Lakini sisi tunaotembelea familia za vijijini, Musoma, Bunda na Butiama, tunajua kwamba mama yule yule huteswa na maji mara mbili: yanapozidi na yanapokauka.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita hata kimo cha mwaka 1964, na nyumba na mashamba ya ufukweni yakaingiliwa na maji. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Mara nao hufurika. Maji ya mafuriko hupita vyooni na mazizini, kisha huingia visimani. Mama amezungukwa na maji, lakini kikombe kimoja salama cha kumpa mtoto hana.

Kiangazi kikija, visima vifupi hukauka. Mama na binti zake huamka alfajiri kwenda mbali. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na wajawazito nao hubeba. Maji yakiwa haba, kinachoachwa kwanza ni kunawa mikono. Kwa hiyo kuhara huingia kwa milango yote miwili.

Tufanye nini? Maji yenye tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote. Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Watoto wasioge wala kuchezea maji kando ya ziwa, maana huko kuna kichocho.

Mtoto akiharisha, kinachoua upesi ni kupungukiwa maji mwilini. Mpe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, changanya lita moja na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Endelea kumnyonyesha. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au akitoa damu, mkimbize kituo cha afya.

Kisha tuikinge mvua. Paa la bati la meta 5 kwa 6, likipata mvua ya milimita 10, hutoa karibu lita 300, yaani madumu 15 ambayo mama hatayabeba kichwani. Maji ya mwanzo yaachwe yasafishe bati, na ya kunywa yachemshwe vilevile.

Mama, zungumza na baba watoto kabla mazao hayajauzwa. Tangi na mfereji wa bati viwemo katika hesabu ya nyumba, kama ada na mbegu. Maji si kazi ya mama peke yake. Watoto wanaoyanywa ni wenu wote wawili.