Mnara wa Simu Juu ya Kilima: Nani Huulipia?

Wanachama wetu wengi huuliza kwa nini kijiji kimoja kina mnara wa simu na intaneti yaenda mbio, na kijiji cha pili, ambacho bonde moja tu lawatenga, mtu hana budi kupanda kilimani ndipo apate kutuma ujumbe. Wengine husema makampuni ya simu yana upendeleo. Sisi twaona ni hesabu. Mnara wataka umeme au mafuta, wataka fundi na mlinzi. Palipo na nyumba 60 na mikarafuu, fedha ya vocha haitoshi kulipa gharama hizo, wala hapana mfanyabiashara ajengaye kwa huruma. Hapo ndipo serikali huingia, na yafaa mkulima ajue inaingiaje.

Kwanza ni njia kuu. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Tanzania ilitegemea sana satelaiti, nayo ilikuwa ghali mno. Mwezi wa Julai mwaka ule mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Lakini mkongo ukiishia pwani wawafaa wa pwani tu. Kwa hiyo serikali ilianza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo wa China, ukapita mikoani maelfu ya kilomita. Makampuni hukodi nafasi humo, badala ya kila moja kuchimba mtaro wake.

La pili latugusa zaidi. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kila kampuni yenye leseni hutoa sehemu ndogo ya mapato yake. Mfuko hutangaza zabuni kwa sehemu zisizo na faida, na kampuni iombayo ruzuku ndogo kuliko wenziwe ndiyo ijengayo. Mwezi wa Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya Shs. bilioni 126, na minara 304 ya zamani iongezwe nguvu ipate kubeba intaneti ya kasi. Sehemu ya fedha ya Mfuko, ukiifuata hadi chimbuko lake, imetoka katika vocha zetu sisi wateja. Basi anayedai mnara haombi sadaka.

Na kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, Mfuko huo ni wetu pia visiwani.

Serikali hutoa, na pengine hutoza. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa tozo juu ya miamala ya simu. Malalamiko yakawa makubwa, na mwezi wa Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwetu si jambo dogo. Wakati wa uchumaji, mwenye shamba hulipa watu wengi kila jioni. Akilipa kwa simu, hatembei usiku na mfuko wa noti. Tozo ikizidi, atarudia noti zake. Vilevile habari ya mvua, ikimfikia asubuhi kabla hajaanika, yaokoa majamvi mazima ya karafuu.

Hofu yetu ni hii: katika karatasi shehia yaweza kuhesabiwa imekwisha kufikiwa kwa sababu mnara mmoja umo ndani yake, hali bonde la nyuma halipati chochote. Kisiwa chetu ni vilima vitupu, na mawimbi ya simu hayapindi kona. Aliye ofisini hataliona bonde hilo asipoambiwa.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liandike orodha ya mahali pasipo mawasiliano: jina la shehia na la kitongoji, nyumba ngapi, skuli au kituo cha afya kilicho karibu, na kama simu hupata sauti tu au hata sauti haipati. Orodha zikabidhiwe kwa makatibu wa matawi kabla uchumaji haujaanza. Halmashauri itazipitisha kwa masheha, kisha itazipeleka kwa Mfuko kwa barua moja.