Kibodi katika Mashine ya Michezo: Uandishi wa Kiswahili katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Hivyo ndivyo wazazi wengi wa Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu wanavyoichukulia mashine ya michezo ya video. Imeundiwa mchezo, na yeyote anayeikaribia huhesabiwa kuwa amekimbia vitabu. Makala haya yanalenga kuonyesha upande wa pili wa chombo hicho. Mashine kadhaa za aina hii zina kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za wavuti, na zikiunganishwa na kibodi ya kawaida huwa vyombo vya kusomea na kuandikia. Hoja kuu ya makala ni kwamba kifaa cha kuandikia huamua ni kiasi gani cha lugha kitakachoandikwa. Mahali ambapo kila herufi ina gharama, Kiswahili ndicho kinachopunguzwa.

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia. Nilikulia Umoja, na mwaka 2012 palikuwa na kibanda cha michezo karibu na kwetu. Ndani mlikuwa na runinga mbili, PlayStation 2 moja na PlayStation 3 moja. Tulilipa kwa mechi. Mwenye kibanda alikuwa amevuta waya wa mtandao kutoka saiba ya jirani, na jioni ambapo wachezaji walikuwa wachache aliwaruhusu vijana kufungua Facebook katika runinga. Kijana mmoja jirani yetu, aliyekuwa mkubwa wangu kwa miaka michache, alikuwa na mama aliyefanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Kila wiki mama aliuliza hali ya nyumbani. Kila wiki kijana alijibu kwa kidhibiti cha mchezo, ambacho mtaani tulikiita padi, na jibu lilikuwa lile lile: ‘tuko poa’. Nitarejea kwa kijana huyu baadaye.

Historia fupi

Wazo la kuipa mashine ya michezo kibodi si geni. Nchini Japani, kampuni ya Nintendo iliuza kibodi ya mashine yake ya Famicom mwaka 1984 ili watumiaji wajifunze kuandika programu kwa lugha ya BASIC. Mwaka 1998 kampuni ya Sega ilitoa Dreamcast, mashine iliyokuja na modemu ndani yake, na ikauza kivinjari na kibodi ya kuiandamia. Utengenezaji wa Dreamcast ulikomeshwa mwaka 2001, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Sony ilitoa PlayStation 2 mwaka 2000 ikiwa na matundu mawili ya USB, na mwaka 2002 ikauza nje ya Japani furushi la Linux la mashine hiyo, lenye kibodi na kipanya.

Hatua iliyotuhusu zaidi ilikuwa PlayStation 3. Ilitoka Japani na Marekani mnamo Novemba 2006, na Ulaya mnamo Machi 2007. Kivinjari kilikuwemo ndani yake tangu mwanzo, na mtumiaji hakuhitaji kununua kibodi ya Sony. Kibodi yoyote ya USB ilifaa, hata ile kuukuu ya tarakilishi ya mezani iliyouzwa Luthuli Avenue au iliyotupwa na ofisi. Wakati huo huo mtandao wenyewe ulikuwa ukibadilika. Kebo ya TEAMS ilifika pwani ya Mombasa mnamo Juni 2009, na ile ya SEACOM ikaanza kazi mnamo Julai mwaka huo. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole.

Jinsi ya kuunganisha

Uunganishaji wenyewe ni kazi ya dakika chache. Kwanza, mashine ipate mtandao kwa waya au kwa mawimbi ya Wi-Fi. Modemu ndogo ya kuchomekwa, ya aina iliyotumiwa na wenye vipakatalishi, haisaidii, kwa kuwa PlayStation 3 haina programu ya kuiendesha. Inahitajika ruta, au simu inayoweza kugawa mtandao wake. Pili, waya wa kibodi uchomekwe katika tundu la USB mbele ya mashine. Mashine huitambua yenyewe. Kibodi isiyo na waya inayotumia Bluetooth inafaa pia, lakini kibandani waya ni bora: hauhitaji betri, na kibodi haitoweki kwa urahisi. Tatu, kivinjari kifunguliwe, na kitufe cha START kikibonyezwa pale pa kuandikia anwani hujitokeza. Kuanzia hapo vidole huandika kama vinavyoandika katika tarakilishi. Kipanya cha USB nacho hufanya kazi.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: kibodi iliyoundiwa tarakilishi huelewanaje na mashine ya michezo? Jibu ni kwamba kibodi haitumi herufi. Hutuma nambari. Katika utaratibu wa USB, kitufe cha A hutuma 4, cha Z hutuma 29, na kitufe cha ritifaa hutuma 52. Utaratibu huu ni mmoja kwa kibodi zote za kawaida, na ndiyo sababu kibodi ya bei ya chini hukubaliwa sawa na ya bei ghali. Kazi ya kuigeuza nambari iwe herufi hufanywa na mashine, kwa kufuata lugha ya kibodi iliyoteuliwa katika mipangilio.

Hapa ndipo mtumiaji wa Eastlands anapokumbana na vituko, hasa akinunua mashine iliyokwisha kutumika kwingineko. Mipangilio ikiwa ya Kifaransa, A na Q hubadilishana nafasi, na anayeandika ‘baba’ huona ‘bqbq’. Ikiwa ya Kijapani, kitufe cha ritifaa hutoa nukta pacha, na ng’ombe huwa ‘ng:ombe’. Ikiwa ya Kijerumani, mnyama huyo huyo hugeuka ‘ngäombe’. Kibodi haina kosa lolote. Ni mipangilio inayohitaji kurekebishwa. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za PlayStation 3, hivyo suluhisho ni kuteua Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza.

Bahati yetu ni kwamba kibodi hiyo inatosha. Alfabeti ya Kiswahili haitumii Q wala X, na haina herufi yenye alama juu yake. Jirani anayetaka kuandika Kikuyu kwa tahajia sahihi hupata taabu zaidi, kwani anahitaji ĩ na ũ, ambazo hazimo katika vitufe vya kawaida.

Gharama ya herufi

Sasa tuangalie yanayotokea kibodi isipokuwepo. Mtumiaji wa padi huonyeshwa herufi katika kiwambo, kisha huhamisha alama hatua kwa hatua, juu, chini, kushoto na kulia, na kubonyeza kila anapoifikia herufi anayoitaka. Tuchukue neno ‘sijamwandikia’. Lina herufi 13. Kwa mwanaisimu, hilo ni sentensi nzima yenye mofimu sita: si- ya nafsi na ukanushi, -ja- ya hali, -mw- ya mtendewa, mzizi -andik-, -i- ya kauli ya kutendea, na kiishio -a.

Tuchukulie kuwa herufi za kiwamboni zimepangwa katika safu tatu kwa mfuatano wa kibodi ya kawaida, kwamba alama imekwisha kusimama juu ya S, na kwamba haiwezi kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nimezihesabu hatua. Kutoka S hadi I ni hatua 7, kutoka I hadi J ni 2, kutoka J hadi A ni 6, na kuendelea hivyo hadi kiishio. Jumla ni hatua 57, na tukiongeza mibonyezo 13 ya kuziteua herufi tunapata 70. Kwa kibodi, neno hilo hilo ni mibonyezo 13 tu.

Sababu ya tofauti hiyo kubwa imo katika muundo wa maneno yetu. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida hukamilika kwa irabu. A, ambayo huja mara nyingi mno, iko pembeni kabisa kushoto, ilhali U, I na O ziko upande wa kulia. Alama ya kiwamboni hulazimika kusafiri huku na huko kama mvuvi anayesahau kasia pwani kila anapofika kilindini.

Mwandishi aliyechoka hukata. Anayekata irabu katika ‘poa’ hapotezi mengi, lakini katika kitenzi chetu kila herufi ina kazi. Ukiiondoa -i- ya kutendea, ‘sijamwandikia’ huwa ‘sijamwandika’, na maana huweza kuhama kutoka kwa barua hadi kwa ajira: kwamba mtu huyo hajaandikwa kazi. Kadhalika ritifaa. Katika baadhi ya mashine alama hiyo hufichwa katika ukurasa mwingine wa kiwambo, na kuifikia ni safari ya kwenda na kurudi. Matokeo yake ni kwamba watu huiacha. ‘Ng’oa’, tendo la kutoa kitu na mizizi yake, huandikwa ‘ngoa’, ambalo ni neno lingine lenye maana ya tamaa au wivu. Walimu wengi hulilaumu Sheng au uvivu wa vijana kwa makosa kama haya. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila yafaa tuulize kwanza mwanafunzi alikuwa ameshika nini mkononi alipoandika.

Ukosefu wa Kiswahili ndani ya mashine

Kuna jambo jingine ambalo kibodi pekee haiwezi kulitatua. Baadhi ya mashine hujaribu kukisia neno kabla halijakamilika, na hukisia kwa lugha zinazozijua. Kwa mwandishi wa Kiswahili msaada huo ni kikwazo, na heri auzime. Tofauti na hali hii, tarakilishi zilifikiwa na Kiswahili mapema kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa, Jambo OpenOffice. Wikipedia ya Kiswahili nayo ilianzishwa mwaka 2003. Mashine za michezo hazikuwahi kupata wafasiri wa namna hiyo, pengine kwa sababu sisi wenyewe tulizihesabu kuwa upuuzi. Hata istilahi hatujaafikiana. Wengine husema kibodi, wengine baobonye, wengine kicharazio. Kijana wa Kayole hangojei tuamue. Yeye husema padi na gemu, kisha anaendelea na mchezo wake.

Tahadhari

Msomaji anayetaka kujaribu hana budi kuyazingatia mambo machache. PlayStation 3 ilikoma kutengenezwa Japani mwaka 2017, na kivinjari chake kimezeeka. Kurasa nyingi za leo hazifunguki vizuri ndani yake. Asiitumie kwa mambo ya benki wala ya fedha za simu. Katika mashine inayotumiwa na umma, asihifadhi nywila, na afute kumbukumbu za kivinjari kabla ya kuondoka. PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, ina kivinjari na hupokea kibodi ya USB. PlayStation 5 ya mwaka 2020 haikuwekewa kivinjari cha wazi kwa mtumiaji, ilhali Xbox za kizazi hicho zina kivinjari cha Edge kinachopokea kibodi. Aidha, simu ya mkononi imekwisha kuichukua nafasi ya vibanda hivyo kwa vijana wengi. Hata hivyo gharama ya herufi haijaondoka. Kidole gumba juu ya kioo kidogo, pamoja na simu inayokirekebisha Kiswahili ili kifanane na Kiingereza, hutoza kodi ile ile kwa njia nyingine.

Hitimisho

Nirejee kwa kijana wa Umoja. Siku moja mwenye kibanda alileta kibodi kuukuu yenye vitufe viwili vilivyong’oka, akaichomeka. Kijana akakaa mbele ya runinga kwa karibu saa nzima, nasi tukisubiri zamu yetu kwa manung’uniko. Alimwandikia mama yake kwamba dada yake mdogo alikuwa nyumbani tangu katikati ya muhula kwa kukosa karo, kwamba nyanya alikuwa akiugua miguu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kazi ya kubeba mizigo sokoni Gikomba. Mama alijibu usiku ule ule. Aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Kijana alimjibu kwamba padi ilikuwa ikimchosha. Jibu hilo lilituchekesha sana wakati huo.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumezoea kuwatafuta wasemaji wa lugha yetu vitabuni, redioni na katika kumbi za mashairi. Wako pia vibandani, mbele ya runinga. Pendekezo langu kwa wanachama ni dogo. Kila mmoja wetu anayeishi karibu na kibanda cha michezo aandike kwa Kiswahili sanifu maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu kuteua lugha ya kibodi, kuipata ritifaa na kuzima ukisiaji wa maneno, kisha amwombe mwenye kibanda ayabandike ukutani. Akiweza, apeleke na kibodi.