Mtani Asikike kwa Toni Yake

Kwa Wazigua wa Handeni, na kwa majirani zao Wasambaa ukivuka kwenda Korogwe, neno zito linatakiwa kusikika. Taarifa ya msiba hupelekwa kwa mdomo, salamu haikatwi katikati, na mtani akifika matangani ana ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya wafiwa. Yaandike maneno yake kwenye karatasi, yatabaki matusi. Yanakuwa utani kwa jinsi anavyoipandisha na kuishusha sauti. Tena Kizigua na Kisambaa ni lugha za toni: sauti kuwa juu au chini ni sehemu ya neno lenyewe, jambo ambalo Kiswahili hakina.

Sauti hiyo imesafiri mbali. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba, wakakitunza Kizigua chao kizazi baada ya kizazi. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwarudisha baadhi yao Handeni, kwenye makazi ya Chogo; wengine wakapokelewa Marekani. Ndugu hao wakitumiana ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, sauti hubanwa na Opus, kodeki (programu ya kubana sauti) huria iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012.

Lakini katika redio ya ridhaa, ambako vituo vya Tanzania hujitambulisha kwa alama inayoanza na 5H, mlango wa kodeki huria ulikuwa umefungwa. Mfumo wa sauti ya kidijitali wa D-STAR ulitegemea AMBE, kodeki ya kampuni moja, iliyofichwa ndani ya chipu. Hilo liliwaudhi watu wa redio, ambao desturi yao ni kufungua mtambo, kuutengeneza na kufundishana. Bruce Perens wa Marekani akapiga mbiu, David Rowe wa Australia akaandika kodeki huria, Codec 2.

Codec 2 haipeleki sauti yenyewe. Hupima kidatu (ujuu na uchini wa sauti), nguvu na umbo la sauti, hutuma vipimo hivyo, na mtambo wa upande wa pili huijenga sauti upya. Kiwango chake cha 700C hutumia biti 28 kwa kila milisekunde 40, yaani biti 700 kwa sekunde. Simu za GSM za mwanzo zilitumia 13,000. Kwa programu ya redio ya FreeDV na mawimbi mafupi ya redio, sauti hiyo huweza kuvuka bahari bila mnara wala intaneti.

Lakini kwa biti 700 lazima kitu kitupwe. Kidatu kikiharibika, Mwingereza bado ataeleweka. Mzigua anaweza kupoteza neno, na mtani akapoteza utani wake. Hapo ndipo uhuria wa Codec 2 unapokuwa na thamani kubwa kwetu: kijana wa Handeni anaweza kumrekodi bibi yake, kuipitisha sauti kwenye programu, kisha kumsikilizisha na kumwuliza kama maneno yamebaki yaleyale. Bibi akikataa, kijana ana haki ya kuifungua programu na kukiongezea kidatu biti zake.