Majani makavu yanapomfariji aliyefiwa

Je, umewahi kufiwa kisha ukaanza kuugua maradhi yasiyoonekana katika vipimo? Basi kisa hiki kinakuhusu.

Mjane mmoja kutoka Gachoka, kule Mbeere, alikuja kuniona akilalamika kwamba anaumwa na kichwa na hapati usingizi. Vipimo havikuonyesha kasoro yoyote. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijinunulia tembe za usingizi, na kila zilipopungua nguvu aliongeza nyingine.

Nilipomuuliza anavyoshinda nyumbani, alitabasamu kwa mara ya kwanza. Huokota magome, maganda ya mbegu na matawi yaliyoliwa na mchwa, akayapanga na kuyabandika juu ya ubao kwa gundi. "Daktari," akaniambia, "mti ukianguka hugeuka udongo, na mvua ikinyesha kitu huchipuka papo hapo. Nikivishika vitu hivi, moyo hutulia."

Sikumcheka. Mbeere ni nchi kame. Wakati wa kiangazi miti hubaki mitupu ungedhani imekufa, lakini mvua ikifika huvaa majani mapya. Isitoshe, kabla ya serikali ya kikoloni kuwalazimisha kuzika, Wambeere waliwaacha wafu wao msituni. Kuoza hakukuwa siri. Sisi wa mjini ndio tunaokiacha kifo katika chumba cha maiti, kisha tunashangaa majonzi yanapotuumiza kichwa na tumbo.

Wala si mama huyu pekee. Wangechi Mutu, msanii mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ameunda sanamu kwa udongo mwekundu na matawi.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kwamba sanaa inaweza kusaidia afya ya mwili na akili, pamoja na waliofiwa. Huhitaji kipaji. Mikono ikiwa na kazi, huzuni hupata mahali pa kutokea.

Hata hivyo, jihadhari. Mti uliooza ni makao ya nge na nyoka, kwa hivyo ugeuze kwa fimbo kabla ya kuushika. Ukungu wake ukivutwa puani unaweza kumletea shida mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu. Anika vitu juani, fanyia kazi nje na ufunike pua na mdomo. Vumbi la mbao nalo si la kupuuzwa: wataalamu wameliorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua kwa wanaolivuta miaka mingi.

Na sanaa si badala ya tiba. Majonzi makali yakizidi miezi 6 bila kupungua, au ukishindwa kula na kufanya kazi, muone daktari. Ukifikiria kujiua, usingoje hata siku moja. Tembe za usingizi ulizozizoea nazo usiziache ghafla, kwani unaweza kupatwa na kifafa.

Mama yule tulimpunguzia tembe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Ubao wake wa kwanza aliuacha nje ya nyumba, unyeshewe na uliwe na mchwa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba kazi yake imekwisha, na tayari ameanza mwingine.