Mpiganaji Kuwa Mgeni wa Hasimu Wake

Vijana wetu hutusimulia kwa furaha habari za mpiganaji wa mchezo mmoja wa video aliyejitokeza katika mchezo mwingine. Twapenda wazazi nao waijue asili ya jambo hili, maana halikuanza kwa urafiki.

Katika mji wa Osaka, nchini Japani, zilikuwapo kampuni mbili zilizoshindana, Capcom na SNK. Mwaka 1987 Capcom ilitoa Street Fighter, chini ya uongozi wa Takashi Nishiyama. Baadaye bwana huyo alihamia SNK, na mwaka 1991 ikatoka Fatal Fury, ambayo shujaa wake ni Terry Bogard. Mwaka uliofuata SNK ikamleta Ryo, aliyeshabihiana na Ryu wa Capcom hata kwa jina. Capcom walijibu kwa dhihaka. Mwaka 1995 walimtoa Dan, mwenye vazi la waridi, ambaye moto anaourusha huzimika karibu na kiganja chake. Wachezaji walijua mara moja ni nani anayechekwa.

Basi mahasimu hawa walikutanaje? Mwaka 1999 SNK iliwatia wapiganaji wa pande zote mbili katika mchezo wa mashine yake ndogo ya mkononi, na mwaka 2000 Capcom nao wakatengeneza wao. Kazi haikuwa nyepesi. Ulingo wa Fatal Fury ulikuwa na mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Wa Street Fighter una mmoja tu. Hata namna ya kukusanya nguvu ilitofautiana. Capcom walimwachia mchezaji achague kanuni ya Capcom au ya SNK, na kila mpiganaji akapewa uzani wa 1 hadi 4, kikosi kizima kisizidi 4. Twaona hiyo ni insafu njema kwa mgeni.

Katika mchezo wa pili, wa mwaka 2001, Dan na Ryo walikuwamo pamoja. Mwaka huo huo SNK ilifilisika, kisha jina lake likahuishwa.

Mwaka 2024 Terry aliingia Street Fighter 6, na Mai wa SNK akamfuata mwaka 2025. Wageni hawa huuzwa mbali na mchezo wenyewe, kwa hiyo mzazi asishangae akiombwa fedha mara ya pili. Mwaka huo wa 2025 Capcom nao waliwapeleka Ken na Chun-Li katika Fatal Fury mpya.