Nyumba za Kale Zataka Kazi

Mtu apitaye katika Kenyatta Avenue mjini Nairobi huliona jengo la mawe lenye mnara, ambalo hata leo huitwa Kipande House. Lilijengwa mwaka 1913, na wazee waliofanya kazi mjini zamani za ukoloni hawakuhitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Humo ndimo wanaume wa Kiafrika walimoandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole na kupewa cheti ambacho kila mmoja alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Katika miaka ya 1970 jengo lile lilinunuliwa na benki. Tangu hapo mkulima aliyeuza kahawa yake na karani aliyepokea mshahara wameingia mle kuweka akiba, ingawa ni kweli kwamba karani wa benki naye hutaka kuona kitambulisho.

Wapo wasemao kwamba nyumba iliyotumika kwa uonevu yafaa kubomolewa. Uchungu wao twaufahamu. Lakini kubomoa hakumrudishii mtu hata siku moja aliyopotezewa, na kuta nene za mawe zilizokwisha kulipiwa ni mali ya kweli kwa mji wo wote. Si mbali na hapo ipo nyumba nyingine ya mwaka huo huo wa 1913, iliyokuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo, ambamo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Sasa ni nyumba ya maonyesho ya sanaa, nayo iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nyumba zote mbili zimesimama kwa sababu moja: kila siku yuko mtu anayefungua mlango, na paa likivuja yuko mwenye kuona hasara.

Jambo hili laonekana wazi zaidi pwani. Wareno walianza kuijenga ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, mwaka 1593. Serikali ya Waingereza iliifanya gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, nayo ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 mpaka 1984. Wafungwa waliteseka ndani ya kuta zile, wala hatupendi kuisifu kazi ya namna hiyo. Hata hivyo gereza halina budi kuwa na paa na malango yaliyo imara, na kwa njia hiyo chungu majengo yale hayakuachwa yakawa magofu. Fort Jesus ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome ya Lamu ikapata maktaba na ukumbi wa mikutano, hata mtoto wa shule asoma mahali alipofungiwa babu wa mwenzake.

Basi, kazi ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni matengenezo, na hapa yafaa kueleza jinsi nyumba ya mawe ya pwani ilivyoundwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haipiti sana futi 9, vyumba vyote huwa virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa, hata sakafu huwa nzito mno. Maji ya mvua yakipenya darini hukimbilia ncha za boriti, pale zilipoingia ukutani. Huko huoza polepole bila mtu kuona, mpaka siku sakafu yote inapoporomoka. Methali ya ufa na ukuta kila mtu aijua. Kule Lamu na Mombasa ni hesabu ya fedha.

Tena kuna madhara ya saruji. Mwenye nyumba akiona lipu inabanduka hukimbilia dukani kununua mfuko wa saruji, akidhani amepata kitu cha nguvu kuliko chokaa. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, nayo chokaa huuachia upite. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na baada ya miaka michache hubanduka ikiondoka na vipande vya jiwe lenyewe.

Unguja imetuonyesha gharama ya kuchelewa. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na kazi njema ya makumbusho, lakini liliharibika hata likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wakilitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa.

Mbona basi wenye nyumba hawatengenezi? Mkulima atalifahamu jibu upesi akikumbuka shamba lililogawanywa kwa wana na wajukuu. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi wengi, wengine wako Mombasa, wengine Arabuni, na hakuna anayetaka kulipia boriti za wenzake. Ndipo huja mnunuzi kutoka nchi za mbali. Katika Lamu, ambao ni mji wa urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na hasa Shela, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wa Ulaya. Wengi wao wamezitengeneza vizuri, kwa chokaa na kwa fundi wa kienyeji, nasi hatuwezi kuikana kazi yao. Lakini nyumba ikaliwayo majuma machache kwa mwaka haileti mnunuzi wa maandazi asubuhi, wala mtoto chuoni, wala jirani wa kuketi barazani. Mji huo ukijaa nyumba za namna hiyo, mawe yatakuwa yameokoka na wenyeji wamehamia pembeni. Kwa maoni yetu, fedha za kuhifadhi zingeanza na mjane mwenye paa bovu, apewe mkopo mdogo wa chokaa na boriti akae pale pale, kabla ya kufikiri hoteli nyingine.

Faida haitakuwa yake peke yake. Matengenezo ya nyumba ya kale hutaka mikono mingi na bidhaa chache za kutoka ng'ambo: mchoma chokaa, mchonga milango, mwashi, mwenye punda wa kubeba mawe. Fedha hizo hulala mjini. Boriti zenyewe zataka ruhusa, kwa kuwa misitu ya mikoko inalindwa. Na mwenye nyumba iliyotangazwa kuwa ya kale chini ya sheria ya mwaka 2006 asivunje ukuta wala kuongeza ghorofa kabla ya kwenda kwa Makumbusho ya Taifa. Ulizo hilo lafaa kufanywa mapema, kabla fundi hajapewa arubuni.